Inamukatala

Jumatatu, tarehe 7 mwezi wa kumi

Nimefungua centre ya afya mbele ya saa moja. Nimepangusa meza, nimepangusa mashini, ile kompyuta mupya, nimefukuza mbuzi ya jirani mu veranda. Wagonjwa walijaa benchi. Kila muntu jina, avenue, umri. Naandika kwa vidole viwili. Miaka mingi nilikaa ku mapokezi na fiche za karatasi, nilizijua kama watoto wangu. Sasa niko mwanafunzi tena.

Saa tatu simu ya Kashindi ikalia mu kitenge yangu. Mesaji. "Bwana Kashindi, usisahau rendez-vous yako ya kupima tension ya damu kesho." Ni mashini ndiyo inatuma, yenyewe tu, hakuna muntu anaigusa. Wiki ya nane tangu tumuzike bwana yangu, na mashini bado inamuita. Nilitaka kutupa simu mu choo. Nikairudisha mu kitenge.

Placide amepita, ameniambia pole kama kila asubuhi. Ndiye muinformaticien wetu, alikuja na projet iliyoleta mashini. Kijana mwenye adabu. Ku matanga alileta sukari, akakaa na sisi siku tatu.

Yule sitamusamehe ni nesi Solange. Mu mashini, ku jina ya Kashindi, kulikuwa kisanduku chekundu: allergie, pénicilline. Chekundu! Hata kipofu angeona. Yeye akamuchoma penisilini. Minye nilikuwa Lemera, ku maziko ya shangazi. Majirani ndio walimubeba mupaka hapa, homa imemupanda, hawezi kusema. Kufika kwangu nilikuta wamemufunika shuka.

Titulaire wetu, mukubwa wa centre, amemufukuza Solange kazi. Haitoshi. Nataka ateseke. Nataka kila akifunga macho amuone Kashindi. Naandika wazi, sababu hii cahier hakuna atakayeisoma.

Jumanne, tarehe 8

Kutoka kazi nimepitia soko ya Kimanga. Nikamuona Solange amechuchumaa nyuma ya beseni ya ndagala, anauzisha. Nesi wa diplome! Sikuwaza mara mbili. Nimepiga beseni teke. Ndagala zote mu matope. Wamama wakapiga kelele, mumoja akasema: acha mujane afanye, yule ni muuaji.

Solange hakusimama. Alianza kuokota, moja moja.

"Mama Sifa, uniue kama unataka. Lakini mashini haikusema allergie. Ilisema refuse. Patient refuse pénicilline. Minye nikawaza ni muntu wa kuogopa sindano. Na kweli alikuwa anatikisa kichwa. Ndiyo nikaambia majirani wamushike mikono."

Nimemuita mwongo mbele ya soko yote. Nimerudi nyumbani Kilibula, viatu vinanuka samaki. Binti yangu Sifa akauliza kuna nini. Nikamufokea bure.

Walimushika mikono. Hiyo hakuna aliyeniambia.

Jumatano, tarehe 9

Neno moja siku nzima. Refuse. Nimekosea majina ya wagonjwa wawili, mumoja amenicheka. Solange ni mwongo. Lazima awe mwongo.

Alhamisi, tarehe 10

Saa ya kula, wengine walipotoka, nimeingia mu depot, stoo yetu. Fiche za zamani ziko pale, mifuko kwa mifuko, juu ya matofali tangu ule mwaka maji yaliingia. Zinanuka panya. Nimetafuta mupaka mikono ikawa nyeusi.

Nimeipata. Kashindi, fundi mujenzi, Kilibula. Mwandiko wa titulaire wa zamani, yule mzee aliyekuwa anaandika kama kuku anakwaruza. Chini, kwa biki nyekundu, mistari miwili chini yake: PENISILINI INAMUKATALA.

Nikasimama pale kama muntu amepigwa kofi.

Hapa ku ziwa, mama yeyote anajua ile maneno. Dawa ikikukatala, dawa ndiyo inakufukuza. Unavimba, koo inafunga. Si weye unakatala, ni yenyewe. Sasa uchukue muntu wa haraka, kichwa yake iko mu Kifaransa, hasikilize mwanzo wa neno. Anachukua kukatala peke yake, anageuza: refuse. Mugonjwa anakatala dawa. Bwana yangu alikufa sababu ya hiyo.

Na fiche zote ziliingizwa mu mashini na muntu mumoja. Placide.

Solange hakudanganya. Nimemumwagia ndagala bure.

Lakini kisanduku chekundu? Niliiona kwa macho yangu, siku titulaire alinionesha. Kilitoka wapi?

Ijumaa, tarehe 11

Placide alienda réunion Mulongwe. Mot de passe yake, neno la siri la kufungua mashini, naijua. Anaitamka kwa midomo kila akiandika, jina ya bibi yake na mwaka wa ndoa. Muntu wa akili nyingi, midomo haina akili.

Kuna mahali mashini inaandika nani aliweka nini, siku gani, saa gani. Inaitwa historique. Ni yeye mwenyewe alitufundisha, alisimama mbele yetu na shati ya pasi: "Mashini haisahau, wamama." Haya. Nimefungua ya Kashindi.

Mustari wa kwanza. Placide. Mu remarques, pale pa maelezo tu: Patient refuse pénicilline.

Mustari wa pili. Placide. Kesho yake ya kifo, saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi, mwili bado haujaoshwa. Refuse imefutwa. Kisanduku chekundu kimejazwa: allergie, pénicilline.

Alijua. Aliamuka mapema, akaja kusafisha. Titulaire alipofungua kuchunguza, akakuta nyekundu, akamufukuza Solange. Na huyu akatoka hapo, akapita ku duka, akaleta sukari. Tumeikunywa! Tumekoroga sukari yake mu chai, tukamwambia aksanti sana, Mungu akubariki. Siku tatu ku kiti yangu ya plastike, anakula muhogo wangu, anajua.

Solange nilimuchukia kwa makelele. Huyu namuchukia kimya.

Jumapili, tarehe 13

Misa. Anaimba mu chorale, sauti ya juu, macho yamefungwa. Sikupokea komunyo. Nilimuangalia shingo tu.

Padri alisema tupeane amani. Placide akashuka mupaka ku benchi yangu, akanipa mukono. Nikaushika. Mukono wa moto, laini, haujawahi kubeba tofali. Nikasema mu roho: na weye watakushika mikono.

Jumatatu, tarehe 14

Nimefanya.

Siku ya formation, kutuonesha namna mashini inatumika, alijiandikisha mwenyewe kwanza. Mugonjwa namba moja ni Placide. Akatuambia alipokuwa anasoma Bukavu walimupa dawa ya Bactrim, ngozi ikamutoka kama ndizi imeiva, akalala hospitali wiki tatu. "Kwa hiyo hapa, wamama, ndani ya kisanduku chekundu, naandika: Bactrim. Hii ndiyo inaniokoa." Tulipiga makofi. Kwa ngozi yake alijua kisanduku. Kwa bwana yangu alijua remarques.

Leo saa ya kula nimeingia kwa mot de passe yake. Namba moja. Chekundu. Nimefuta. Mashini ikauliza kama nahakikisha. Nahakikisha. Kikabaki cheupe, safi, kama muntu ambaye hakuna dawa inamutisha duniani.

Historique itasema ni Placide alifuta. Mashini haisahau, lakini haioni sura.

Nimerudi ku mapokezi, nimeita mugonjwa anayefuata. Nimekula vizuri, mara ya kwanza tangu matanga.

Jumatano, tarehe 16

Placide iko muzima kabisa. Amekula fufu na samaki mukeke muzima, amelamba vidole. Hata mafua hana. Muntu wa namna gani haugue Uvira mu mwezi wa mvua?

Ijumaa, tarehe 18

Amekohoa mara mbili. Nilifurahi. Kisha nikaona kumbe ni pilipili.

Mesaji ingine ya Kashindi. Hakuja ku rendez-vous, mashini imemupangia ingine, tarehe 7 ya mwezi unaokuja.

Kuna kitu sijaandika humu. Nikiandika nitapumua, ao nitashindwa kupumua, tutaona.

Placide hakuweza kusoma mwandiko wa mzee. Nani angeweza? Minye tu. Mwezi muzima tulikaa wawili, minye na fiche, yeye na mashini. Minye nasoma kwa sauti, yeye anaandika. Kufika ya Kashindi nilicheka, nikamwambia huyu ni wangu, umuandike vizuri. Nikasoma: penisilini inamukatala. Akauliza, vidole viko juu ya mashini: "Amekatala?"

Nikajibu: "Eeh, kabisa."

Sikuinua macho. Mukono ulikuwa tayari mu mufuko, unatafuta fiche inayofuata. Sauti ilikuwa yangu.

Haya, nimeandika. Lakini sikilizeni, kama kuna mwenye kusikiliza: kukosa tulikosa wawili. Kuamuka asubuhi kufuta, alienda peke yake. Kumuuza Solange, peke yake. Sukari, peke yake. Kisanduku chake sikirudishe. Kibaki cheupe.

Jumanne, tarehe 22

Naandika saa kumi ya mchana, nguo bado ina maji.

Asubuhi bibi ya Placide amemuleta ku pikipiki, amemufunga na kitenge nyuma ya dereva asianguke. Homa kali, tumbo inamukata tangu jumapili. Macho yako wazi lakini haone muntu. Ku consultation, pale wanapima wagonjwa, alikuwa nesi mupya, Espérance, ametoka milimani wiki mbili tu, hajui habari yake ya zamani. Akafungua namba moja. Cheupe. Akaandika Bactrim.

Dawa ni minye naendaka kuchukua ku dirisha ya pharmacie. Ndiyo kazi yangu. Nimechukua. Vidonge viwili vyeupe ndani ya sahani, kikombe ya maji. Kutoka dirisha mupaka kitanda ni hatua kumi na tano, nilizihesabu. Nilisema mu roho: Kashindi, angalia.

Bibi yake alimuinua kichwa. Nikaweka kidonge ku midomo. Akatikisa kichwa. Pengine alijua, pengine ni kichefuchefu tu, hakuwa na nguvu ya kusema. Akatikisa tena. Espérance, nyuma yangu, bila ubaya, kama muntu wa kazi nyingi, akasema:

"Mumushike mikono. Anakatala."

Bibi yake akamushika mikono.

Sijui nani alitupa sahani. Ni minye, lakini sijui namna gani. Maji yote juu yangu. Nilikuwa napiga kelele: "Inamukatala! Si yeye anakatala! Dawa ndiyo inamukatala!" Benchi yote ya wagonjwa ikasimama. Espérance akasema mashini haioneshe kitu. Nikamwambia minye nasema, minye ndiyo nilifuta, andika ingine.

Wakamupa ingine.

Nisijidanganye. Sikumuhurumia. Hata sasa simuhurumie. Ni ile neno, na ile mikono. Na pia: akikufa leo, nani atasema alichokifanya? Nitabaki na maiti mbili na hakuna hata mumoja wa kunijibu. Namutaka muzima. Namutaka na mudomo wake.

Nimetoa fiche ya Kashindi mu depot, nimeiweka ku meza ya titulaire, nimemufungulia historique. Mistari yote. Nikamuonesha na ule wa namba moja: jina ni ya Placide, vidole ni vyangu. Alivua miwani. Akaniambia nirudi nyumbani nibadilishe nguo.

Alhamisi, tarehe 24

Placide anakaa sasa, anakunywa uji. Titulaire ametuita mu bureau: yeye, minye, na Solange, ambaye walienda kumuchukua sokoni. Alikaa karibu na mulango, na harufu ya ndagala, hakutuangalia.

Placide amesema yote. Kwanza kwa Kifaransa. Nikamukatiza: "Kwa Kiswahili. Ile uliyoshindwa kusikia." Akasema kwa Kiswahili. Aliogopa projet ingemufukuza, aliwaza Solange atapata kazi mahali pengine, ana diplome. Alilia. Minye hapana. Niliangalia machozi yake kama muntu anaangalia mvua ku nyumba ya jirani.

Kisha nikasema yangu. Mbele ya Solange nilisema hata ile "eeh, kabisa". Hiyo ndiyo iliniuma zaidi, kuliko ya Bactrim.

Titulaire amekata shauri. Solange arudi kazini. Placide ataondoka, barua iko tayari. Minye natoka ku mapokezi, sitagusa tena mashini. Lakini mbele ya kuondoka, fiche zote za mifuko zisomwe upya. Kama refuse iliingia mara moja, itakuwa iliingia mara nyingi, na wale wengine wako wazima bado. Mwandiko ule nausoma peke yangu. Kwa hiyo minye nisome, Placide aandike. Wawili tena mu depot.

Niliomba kitu kimoja. Aende Kimanga, aseme mbele ya wale wamama.

Jumamosi, tarehe 26

Ameenda. Amesimama katikati ya mabeseni, badge ku shingo, miguu bado dhaifu. Amesema Solange hakuua muntu. Amesema ni yeye alikosea kuandika, na ni yeye alificha. Wamama walimumaliza! Mumoja aliuliza kama mama yake anajua alizaa nini. Nilisimama karibu, nisipoteze hata neno moja. Nilifurahi? Nilifurahi. Mate yalikuwa tamu mu mudomo.

Kisha Solange akanigeukia. Akaangalia chini, pale beseni ilimwagika. Nikapiga magoti mu yale matope, mbele ya walewale walionishangilia. Nilimuomba musamaha. Alisema: "Simama, Mama Sifa, kitenge inachafuka." Hakusema amenisamehe. Ana haki.

Jumatano, tarehe 6 mwezi wa kumi na moja

Mvua tangu asubuhi. Depot ina mulango wazi sababu ya mwangaza. Leo ni siku ya nane, mufuko wa tano. Placide anaweka mashini ku magoti. Hatusalimiane zaidi ya jambo.

Tumekwisha kupata wengine wenye refuse. Mama wa Kavimvira. Mwalimu. Mutoto wa miaka sita. Solange anawapigia simu mumoja mumoja, anauliza, na wote wako wazima.

Sasa kila nikisoma ile neno, Placide anasimamisha vidole na kuuliza, kila mara, hata mara ya kumi kwa siku: dawa inamukatala, ao yeye anakatala dawa? Nami nainua macho ku mashini, naangalia anachoandika, herufi kwa herufi. Inachelewesha sana. Hakuna anayelalamika.

Kabla ya saa sita nilivuta fiche ya Kashindi. Titulaire alikuwa ameirudisha mu mufuko, mahali pake. Ningeweza kuiruka. Nilisoma. Jina. Fundi mujenzi. Kilibula. Tension. Nilisoma biki nyekundu.

Mvua ilikuwa inapiga bati, niliwaza Placide hakusikia. Kisha akauliza, polepole, bila kuniangalia:

"Dawa inamukatala, Mama Sifa, ao yeye anakatala dawa?"

"Dawa inamukatala," nikasema. "Yeye hakukatala kitu."

Akaandika. Niliangalia. Kisanduku kilikuwa tayari chekundu, tangu ile asubuhi yake, lakini aliandika upya. Chini kuna mahali pa kuweka kama muntu iko muzima ao amekufa. Hakuna aliyewahi kuigusa. Nimekatazwa mashini, lakini alinisogezea. Nikabonyeza mwenyewe: amekufa.

Simusamehe. Nafikiri hata yeye anajua.

Nimefika nyumbani, nimeweka simu ya Kashindi ku meza, karibu na sahani. Kesho ilikuwa rendez-vous yake. Mesaji inakujaka siku moja mbele, kabla ya jioni. Nimemenya viazi, Sifa amewasha moto, tumekula. Simu haijalia.